Leo Hatufungui Chupa

Tarehe 21 Machi 2018 yalichotwa majitaka Eastleigh, katika eneo la Kamukunji, yakapelekwa maabara. Ni kazi ya kawaida inayofanywa jijini Nairobi bila kelele, na wapitao na mikokoteni na mabunda ya nguo hawana habari nayo. Majibu yalipotoka, yalionyesha virusi vya polio vya aina ya 2. Havikuwa virusi vya asili vilivyopoozesha watoto wa zamani. Vilikuwa vimetokana na virusi dhaifu vya chanjo ya matone, ambavyo vikihama kutoka tumbo la mtoto mmoja hadi la mwingine kwa muda mrefu, mahali penye watoto wengi wasiochanjwa, hubadilika na kurudia ukali wao. Uchunguzi wa vinasaba uliviunganisha na virusi vilivyopatikana katika majitaka ya Mogadishu mwaka uliotangulia. Hakuna mtoto wa Nairobi aliyekuwa amepooza. Hata hivyo, kabla mwaka haujafika nusu, timu za chanjo zilikuwa mitaani, nyumba kwa nyumba, zikipaka watoto wino kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto na kuandika kwa chaki milangoni.

Habari hiyo ilisahaulika upesi, na kwa maoni yangu haikustahili kusahaulika, kwa sababu inatuuliza swali ambalo bado halijajibiwa. Virusi hivyo vilipataje nafasi katika jiji lenye hospitali nyingi kuliko mahali pengine popote nchini?

Sehemu ya jibu iko mbali na Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi ambako Eastleigh imo. Aprili 2016 nchi zote zilizokuwa zikitumia matone ziliiondoa aina ya 2 katika chanjo hiyo, kwa kuwa virusi vya asili vya aina hiyo vilikuwa vimekwisha duniani. Watoto waliozaliwa baada ya hapo wakabaki wakitegemea sindano ya polio, ambayo Kenya iliianza Desemba 2015. Sindano hiyo humkinga mtoto asipooze, lakini haivizuii sana virusi kukaa tumboni na kutoka na choo. Uamuzi ulikuwa na hesabu nzuri nyuma yake, na hesabu hiyo ilisimama juu ya sharti moja: kwamba kila mahali watoto wawe wamechanjwa vya kutosha kabla ya mabadiliko, na wanaozaliwa baadaye waipate sindano yao kwa wakati.

Sehemu nyingine ya jibu iko Eastlands kwenyewe, na ndiyo inayonishughulisha.

Ukianzia Shauri Moyo na Kaloleni, mitaa ya enzi za ukoloni, ukapita Bahati, Jericho na Buruburu hadi Umoja, Dandora na Kayole, hutembei mbali kabla ya kukuta kituo cha afya. Hospitali ya uzazi ya Pumwani imekuwepo tangu 1926. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki iko huku Embakasi. Kuna vituo vya kaunti, zahanati za makanisa, na kliniki za watu binafsi zilizobanana na maduka ya dawa na vinyozi. Mzazi wa Turkana au wa Tana River akisema mtoto hakuchanjwa kwa sababu ya umbali, anaeleweka mara moja. Kayole umbali si hoja. Ndiyo maana mitaa hii naiona kuwa mtihani wa kweli wa mpango wa chanjo: barabara ipo, kituo kipo, muuguzi yupo, na bado wapo watoto wanaopita katikati ya vidole vyetu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba watoto wapatao 80 kwa kila 100 wenye umri wa kati ya miezi 12 na 23 walikuwa wamepata chanjo zote za msingi. Ni kazi kubwa iliyofanyika, na wale 20 waliobaki si wa kaunti za mbali peke yake.

Mpango wenyewe ni wa kuheshimika. Ulianza mwaka 1980 ukiwa na magonjwa sita: kifua kikuu, polio, dondakoo, kifaduro, pepopunda na ukambi. Mwishoni mwa 2001 ikaja sindano ya pamoja iliyoongeza homa ya ini ya B na bakteria wa Hib. Februari 2011 Rais Mwai Kibaki alizindua chanjo ya nyumokoko, bakteria anayesababisha nimonia. Mwaka 2014 yakaja matone ya kuzuia kuhara kwa virusi vya rota, 2016 rubela ikaunganishwa na ukambi, na Julai 2025 homa ya matumbo ikaingia kwenye orodha.

Kwa daktari wa watoto, kila mwaka kati ya hiyo ni mpaka katika maisha ya kazi. Aliyeanza kazi wodini miaka ya 1990 alijifunza mapema kuingiza sindano katikati ya pingili za mgongo wa mtoto wa miezi minane, akingoja maji ambayo yangepaswa kuwa maangavu, akayaona yakitoka na ukungu. Hiyo ilikuwa homa ya uti wa mgongo, na mara nyingi Hib ndiye aliyekuwa mwenye kosa. Wengine walikufa siku hiyohiyo. Wengine waliopona waliondoka hospitalini wakiwa viziwi au wenye kifafa, na mama akaambiwa amshukuru Mungu mtoto yuko hai. Mwenzake aliyeingia wodini miaka kumi na mitano baadaye huenda amemaliza mafunzo yake akiwa amewaona wachache tu wa aina hiyo.

Mabadiliko hayo yalihesabiwa kwa makini Kilifi, ambako watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust hufuatilia watoto wa eneo zima hadi wodini. Katika miaka mitatu ya kwanza ya chanjo ya Hib, ugonjwa huo ulipungua kwa asilimia 88. Chanjo ya nyumokoko ilipokuja, maradhi makali ya aina za bakteria zilizomo kwenye chanjo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Nani alistahili pongezi? Watafiti, ndiyo. Wapo pia madaktari kama Profesa Fred Were, mtaalamu wa watoto wachanga aliyewahi kuwa mkuu wa shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambaye kwa miaka mingi aliitetea chanjo kama sehemu ya kazi ya daktari. Lakini sindano zenyewe zilichomwa na wauguzi ambao majina yao hayaandikwi popote, kwenye benchi la mbao, mtoto akishikwa mapajani na mama yake, paja la kushoto kwa sindano ya pamoja na la kulia kwa ile ya nimonia.

Mafunzo ya daktari wa watoto nchini humlea kitandani mwa mgonjwa. Miaka ya shahada ya kwanza, mwaka wa mafunzo ya kazi, kisha miaka mitatu ya shahada ya uzamili, mingi yake wodini: oksijeni, dripu, dozi kwa kila kilo. Heshima yake yote hutoka huko. Benchi la chanjo liko jengo jingine, na anaweza kufanya kazi miaka ishirini bila kukaa juu yake asubuhi moja. Nadhani hilo ni pengo la kweli katika namna tunavyowaandaa, kwa sababu mambo yanayoamua iwapo wodi yake itajaa au la yanatokea pale, na mengi ni madogo kiasi kwamba hayamo kwenye hotuba ya uzinduzi.

Chukua chupa. Chanjo ya BCG, ile ya kifua kikuu, huja kama unga ndani ya kichupa cha dozi 20, na ikishachanganywa na maji yake lazima itumike ndani ya saa sita, kinachobaki hutupwa. Ya ukambi huwa ni dozi 10 kwa sharti hilohilo. Mama amefika Jumatatu na mtoto wa siku nne aliyezaliwa nyumbani au katika kliniki isiyo na chanjo. Wako watoto wawili tu siku hiyo. Muuguzi anajua kwamba akifungua, dozi 18 zitamwagwa, na mwisho wa mwezi atatakiwa kueleza kwa nini alichokipokea hakilingani na watoto aliowachanja. Basi anasema kwa upole, "Mama, rudi Jumatano, leo hatufungui chupa." Jumatano ndiyo siku iliyotengwa, watoto watakuwa wengi.

Muuguzi huyo hafanyi uvivu wala ukatili. Anatii jedwali alilopewa. Ila jedwali limeweka gharama mahali pabaya. BCG ni miongoni mwa chanjo za bei ya chini kabisa katika orodha nzima, na Shirika la Afya Duniani limehimiza kwamba chupa ya ukambi ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja aliyefika. Kinachopotea mama anaporudishwa ni kikubwa kuliko unga ule. Yeye amekosa siku ya kazi, na hana uhakika wa kupata nyingine.

Wapangaji wakitaka, wanaweza kuifikiria chupa. Chanjo ya nyumokoko ilipoletwa mwaka 2011 ilikuja katika kichupa cha dozi mbili kisicho na dawa ya kuihifadhi, kwa hiyo sharti likawekwa kwamba wauguzi wafundishwe kwanza namna ya kuishika, kabla ya chanjo kuingia nchini. Walifundishwa, ikawezekana. Uangalifu wa namna hiyo BCG na ukambi hazijawahi kuupata, pengine kwa sababu ni za zamani na hakuna mtu anayezizindua.

Sasa fikiria mama mwenyewe. Wanawake wengi wa Mukuru na Viwandani hufanya kibarua katika viwanda vya Industrial Area, au hufua nguo katika nyumba za Donholm na Buruburu, au wana kibanda cha mboga. Malipo ni ya siku. Kliniki ya watoto huanza asubuhi na aghalabu huwa imekwisha mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, saa zilezile ambazo kibarua hupatikana langoni mwa kiwanda. Chanjo ni bure, ndiyo, lakini asubuhi ile si bure. Katika kliniki za watu binafsi, ambazo hufunguliwa hadi jioni, chanjo ya serikali hutolewa bila bei yake na mzazi hulipishwa huduma. Kwa hiyo mwenye pesa kidogo ananunua muda, na asiyenazo anangoja wiki ijayo.

Tuna ushahidi wa hapahapa nchini kuhusu jambo hili. Katika utafiti uliofanywa Siaya na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2017, wazazi walikumbushwa tarehe za chanjo kwa ujumbe mfupi wa simu, na wengine wakatumiwa pia shilingi 200 kila walipofika kwa wakati. Bila msaada wowote, watoto 82 kwa kila 100 walikamilisha chanjo kufikia mwaka mmoja. Kwa ujumbe na shilingi 200, walikuwa 90. Wako wanaosema ni aibu kumlipa mzazi kwa kumtunza mtoto wake. Mimi naona shilingi hizo zilikuwa zikilipia kitu ambacho mpango haukuwahi kukihesabu. Eastlands huenda hata pesa hazihitajiki. Kliniki ya Jumamosi na ya saa kumi na mbili jioni zingefanya kazi hiyohiyo. Na wakati mama yuko kibaruani, mtoto yuko kwa mwanamke wa ploti jirani anayelea watoto kumi au zaidi katika chumba kimoja. Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria ya vituo hivyo mwaka 2017. Muuguzi aliye na jokofu dogo la kubebea chanjo angeweza kuwakuta pale watoto ambao benchi lake halitawaona kamwe.

Halafu kuna daftari. Kila kituo kina rejista ya kudumu ambamo mtoto huandikwa siku ya kwanza, na kila sindano hujazwa kwenye mstari wake, ili atakayekosa ajulikane na atafutwe. Kijijini hilo hufanya kazi vizuri kiasi: jina la baba, jina la kijiji, umempata. Eastlands mama aliyejifungulia Pumwani akiwa anakaa Huruma anahamia Kayole kodi inapopanda, kisha anampeleka mtoto ushago kwa nyanya yake hadi baada ya Krismasi. Laini ya simu imebadilika. Mstari wake katika rejista ya kwanza unabaki na nafasi tupu, na katika rejista ya pili anaandikwa upya kana kwamba amezaliwa jana. Kituo cha pili kinaweza kuripoti kwamba kimechanja zaidi ya asilimia 100 ya watoto wake, kwa sababu idadi ya kugawia ilikisiwa kutokana na sensa na mtaa umejaa maghorofa mapya tangu hapo. Mkubwa anayesoma ripoti hiyo ofisini anafurahi. Pale pale chini ya asilimia hiyo nzuri, watoto wasiochanjwa wanaishi ghorofa ya sita Tassia au Pipeline.

Wanaoweza kuwafikia ni wahamasishaji wa afya ya jamii. Septemba 2023 serikali iliwazindua upya zaidi ya 100,000 nchi nzima, wakapewa mikoba ya vifaa na simu za kuwekea kumbukumbu. Ni mmoja wa miradi michache inayoanzia pale mtu anapoishi. Mhamasishaji wa Korogocho anajua nani amejifungua wiki hii kabla hata kituo hakijajua. Ugumu wake uko kwenye maghorofa yenye lango na soja, ambako haruhusiwi kupanda ngazi bila mwenye nyumba kukubali, na hakuna sheria ya wizara inayomfungulia lango.

Mwaka 2017 haya yote yaliungana. Wauguzi wa umma waligoma kuanzia Juni hadi mapema Novemba, karibu miezi mitano, wakidai mkataba ambao waliona wameahidiwa. Madai yao yalikuwa na msingi, na sikusudii kuwalaumu. Lakini hesabu umri wa mtoto aliyezaliwa Eastlands wiki ya kwanza ya Juni mwaka huo. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14, yaani safari zote tatu za sindano ya pamoja, ya nimonia na ya matone ya polio, zile mbili za matone ya rota, na ile sindano ya polio ya wiki ya 14, ziliangukia ndani ya mgomo. Mzazi mwenye uwezo alienda kliniki ya kulipia. Asiye na uwezo alikuta mlango umefungwa mara tatu. Majitaka ya Eastleigh yalipochotwa Machi 2018, mtoto huyo alikuwa ameshatimiza miezi tisa. Virusi havikuzaliwa na mgomo. Vilikuja na watu, kama maradhi yote yanavyokuja katika mji wa biashara na wasafiri. Ila vilipofika vingeweza kukuta rika zima la watoto wachanga lililoachwa nyuma, na sijaona mahali ambapo kaunti ilieleza hadharani jinsi ilivyowatafuta mmojammoja.

Eastleigh ilikuwa imeonya kabla ya hapo: mlipuko mkubwa wa ukambi uliosambaa nchini ulianzia huko mwaka 2005. Kila mara jibu letu ni kampeni. Kampeni zinafanya kazi, na hilo lisipuuzwe. Hata maaskofu wa Kanisa Katoliki walipotoa mwito Agosti 2015 kwamba waumini waisusie kampeni ya polio, baada ya mwaka mmoja wa kuishuku chanjo ya pepopunda, tathmini iliyofanywa baadaye haikuona kwamba mwito huo ulipunguza sana idadi ya waliochanjwa. Wazazi waliwafungulia milango vijana wenye vipozeo mabegani. Lakini kampeni ina magari, fulana na fedha za wafadhili kwa siku kumi. Jumatano ya kawaida kwenye benchi la Dandora haina mfadhili.

Mwaka 2025 tuliona pande zote mbili kwa zamu. Mei na Juni, BCG na matone ya polio viliadimika kote nchini, vituo vikawarudisha wazazi, huku ikielezwa kwamba fedha za kununulia zilichelewa kutoka; shehena ilipofika Juni, usambazaji ukaanza tena kutoka bohari la Kitengela. Kisha tarehe 5 hadi 14 Julai ikaja kampeni kubwa ya ukambi na rubela, na ya homa ya matumbo kwa watoto wa kuanzia miezi 9 hadi miaka 14. Mukuru, ambako mabomba ya maji hupita kando ya mitaro ya vyoo na ambako watafiti wa KEMRI wameifuatilia homa ya matumbo kwa miaka, hiyo ilikuwa baraka ya kweli. Hata hivyo taifa lililoweza kuwafikia mamilioni ndani ya siku kumi lilikuwa limeshindwa, wiki chache kabla, kumpa mtoto wa Pumwani tone lake la kwanza.

Na hapa ndipo daktari wa watoto anapohitajika nje ya wodi yake. Kila siku Mama Lucy na Pumwani na vituo vidogo hupokea watoto wenye homa, kikohozi, vidonda vya ngozi. Wengi wana kijitabu cha kliniki mfukoni mwa mama, na wengi huondoka bila yeyote kukifungua, kwa kuwa mtoto ameletwa kwa kikohozi na chanjo ni dirisha jingine. Homa ndogo haimzuii mtoto kuchanjwa. Daktari akiuliza kijitabu kwa kila mtoto, na wanafunzi wake wakamwona akiuliza, na akimwambia muuguzi kwamba atasaini yeye kwa chupa iliyofunguliwa kwa mtoto mmoja, atakuwa amefanya kazi ya udaktari sawa na kuandika dawa. Bodi inayopandisha vyeo ingeweza kuihesabu pia.

Watoto waliozaliwa katika wiki zile za uhaba wanahitaji kutafutwa kwa majina. Tone la polio la kuzaliwa hutolewa ndani ya wiki mbili tu, kwa hiyo hilo wamelikosa moja kwa moja, na matone ya wiki ya 6, 10 na 14 ndiyo yatakayowabeba. BCG bado wanaweza kuipata hadi miaka mitano. Rejista za Pumwani zinaonyesha nani alizaliwa lini, na wahamasishaji wana simu zenye orodha za nyumba. Safari ya miezi 9, kisha ile ya miezi 18 ya ukambi wa pili, ambayo tangu ilipoanzishwa mwaka 2013 wazazi wengi huiacha kwa kudhani chanjo zimekwisha, ni nafasi mbili za kuufunua mkono wa kushoto wa mtoto kutafuta kovu la BCG, kusoma kijitabu, na kumpa palepale kilichokosekana. Kenya pia inatarajiwa kugharamia chanjo zake yenyewe kufikia mwisho wa muongo huu, msaada wa Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo, ukipungua mwaka baada ya mwaka. Bajeti ya kaunti ya Nairobi inaweza tayari kuweka mshahara wa muuguzi wa Jumamosi katika kila kituo kuanzia Kamukunji hadi Embakasi, na ruhusa ya maandishi ya kufungua chupa.